Yai la Bwana Kapaya

Maili Moja, Kibaha
2 Machi 1977

Mpendwa Bibi Mwamvita,

Shikamoo. Mfikishie shikamoo na babu, mume wetu, umwambie mke wake mdogo wa Kibaha anamkumbuka, ingawa tangu Idi ya kuchinja hajaniletea hata muhogo mmoja. Sisi huku wazima. Isihaka bado yuko Soga na wenzake wa reli, anakuja Jumamosi jioni na Jumapili ameshaondoka. Mama mkwe naye yuko huko huko Soga, na kila wiki anamtuma mwanawe aniulize lini nitahamia kwake nikamsaidie shamba. Nikisema bado najifunza taipu, anashangaa mtu mzima anagonga vidude mwaka mzima na hajaivisha chakula.

Sasa Bibi, mafunzo yamekwisha na cheti ninacho. Kuna shirika la kufuga kuku hapa Kibaha linatafuta karani mpiga taipu, na usaili ni tarehe 26 mwezi huu. Meneja ni Bwana Laurean Kapaya, Mnyamwezi wa Urambo, mtu wa maneno mengi, wanamsikia mpaka barabarani. Karani mpya anawekwa miezi mitatu ya majaribio. Kila Jumamosi wote, wa ofisini na wa mabandani, wanapakua magunia ya chakula cha kuku kutoka kwenye lori, maana katika Ujamaa hakuna bwana wala mtumwa. Ukiipita miezi hiyo ndipo unathibitishwa kazini.

Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote. Nikiikosa, mwezi wa nne utanikuta Soga na jembe mkononi, na cheti changu mama mkwe atafunikia mtungi.

Na liko jambo la pili. Tangu Januari sijaona siku zangu, na harufu ya mafuta ya taa inanitapisha. Isihaka anajua. Sasa na wewe unajua. Fomu ya shirika inauliza: "Je, una ugonjwa au hali yoyote inayoweza kukuzuia kufanya kazi?" Jirani yangu Marselina mwaka juzi alikwenda ofisi moja akawaambia ukweli kwamba ana mimba. Walimchekea vizuri, wakamwambia ataitwa. Mtoto sasa anakimbiza kuku uani na bado hajaitwa. Niseme au ninyamaze?

Mjukuu wako,
Mboni


Maneromango, Kisarawe
14 Machi 1977

Mke mwenzangu Mboni,

Marahaba. Sisi wazima, ila mume wetu mguu unamsumbua, na nguruwe wa porini wamekula muhogo wote wa bondeni, ndiyo maana hujaona zawadi. Usimnunie mzee wa watu.

Angalia mwandiko huu. Ni wangu mwenyewe. Mwalimu Matano wa kisomo cha watu wazima amenipandisha darasa, nimewaacha wanaume watatu nyuma wakihangaika na herufi kubwa. Zamani nilikuwa namwomba kijana wa jirani, Pazi, aniandikie, na kabla wino haujakauka Maneromango nzima inajua nimeandika nini. Sasa siri zangu ni zangu.

Hilo jambo lako la pili silitaji kwa jina, na wewe usilitaje. Mimba ya kwanza haitangazwi. (Nimeshaitaja. Basi, ni mara moja tu, na kifutio sina.) Mwenye nayo hafungui mdomo kumwambia mtu, mpaka wenye macho waone wenyewe. Watu wana vijicho. Usisimame mlangoni, ingia au toka. Na mayai usiguse kabisa, mtoto atazaliwa hana unywele hata mmoja, tutamsitiri kwa kofia mpaka aote ndevu. Nakujua wewe na mdomo wako, umekwenda kutafuta kazi penye mayai.

Kwenye fomu andika "Hakuna". Kwani wewe mgonjwa? Mimi nilizaa watoto sita na sikuugua hata mmoja.

Umesema huyo Kapaya ni Mnyamwezi. Ni mtani wetu sisi Wazaramo basi, hilo limenifurahisha sana na zaidi ya hapo sisemi. Barua hii anakuletea Mwalimu Matano, anakuja Kibaha kwenye semina. Usimweke sana kwa chai, nimempa na shughuli yangu nyingine ndogo huko huko.

Mimi bibi yako, mwenye mume,
Mwamvita


Maili Moja, Kibaha
30 Machi 1977

Bibi yangu,

Shikamoo tena na tena. Mwalimu Matano alifika salama, akanywa chai kikombe kimoja akaondoka mbiombio, hakutaka kusema anakwenda wapi. Isihaka anakusalimu.

Nimepata kazi! Ngoja nikueleze ilivyokuwa, kisha uniambie wewe, maana mimi nimechanganyikiwa.

Tulikuwa wasichana watano. Mezani walikaa Bwana Kapaya, Bibi Justa wa masjala, mzee mmoja wa tawi la chama, na bwana mwembamba aliyetoka makao makuu Dar es Salaam. Fomu niliandika "Hakuna", kama ulivyosema. Bwana Kapaya akaisoma kwa sauti: "Mboni binti Abdala, wa Maneromango. Kumbe Mzaramo! Nani amemfungulia mlango huyu? Ninyi si mnajua kucheza ngoma siku saba, taipu mmejulia wapi?"

Bibi, nilisahau kama niko kwenye usaili. Nikamwambia, "Tumejifunza tulipokuwa tunawangoja ninyi mtue mizigo. Babu zenu wamepita kwetu na pembe za ndovu za wenyewe vichwani, mpaka leo hamjapumzika."

Mzee wa chama alicheka mpaka kofia ikaanguka. Bwana Kapaya akasema mtumwa wake ana mdomo, basi tuone vidole. Nikachapa barua nzima bila kukosea.

Halafu ikaletwa chai. Kumbe desturi yao pale, mgeni yeyote hupewa yai la kuchemsha la shirika. Wenzangu wakala. Mimi nikalisogeza pembeni ya kisahani, nikaangalia dirishani. Bwana Kapaya akaliona. "Mzaramo, yai unaliogopa? Au una mimba wewe?"

Chumba kizima kikanitazama. Nikaona nikikaa kimya nimekwisha. Nikasema, "Ninayo. Miezi mitatu sasa. Akizaliwa nitamleta hapa awe bwana wako, umbebe mgongoni mpaka Urambo."

Walicheka wote, yule bwana wa Dar chai ikampalia. Bwana Kapaya akawageukia wenzake akifuta macho: "Mmemsikia wenyewe? Amesema mwenyewe!" Jana imekuja barua, naanza tarehe 12.

Sasa Bibi, nimesema au sijasema? Ukweli nimeutamka wote, na miezi nimetaja, na hakuna aliyeamini. Nina furaha, na kila nikikumbuka najiona mwizi.

Mjukuu wako,
Mboni


Maneromango, Kisarawe
17 Aprili 1977

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma peke yangu mara nne, nikamsomea na mume wetu. Hapo pa Urambo alicheka mpaka mguu ukapoa kwa muda. Anasema mdomo umeurithi kwangu, anasema hivyo kama vile ni ugonjwa.

Umeuliza umesema au hujasema. Kwa mila zetu neno la utani si tangazo, hakuna anayelibeba kwenda nalo nyumbani kuliwekea kijicho. Kwa hiyo kwetu hujasema. Kwa wao wa ofisi umesema, maana masikio walikuwa nayo. Unataka nini tena? Kaa ufanye kazi.

Lakini barua yako ina tundu. Yai umelisogeza pembeni, yai limeulizwa, watu wamecheka, umepata kazi. Yai lenyewe liliishia wapi? Nijibu hilo.

Na magunia wamekubebesha? Hilo nalo nijibu, tena upesi.

Bibi yako,
Mwamvita


Maili Moja, Kibaha
29 Mei 1977

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi imenibana. Isihaka amepata homa akapona. Mama mkwe nimempelekea trei ya mayai kutoka kazini, sasa anawaambia watu wa Soga kwamba taipu aliniambia yeye nijifunze. Mvua huku imekatika, bei ya mchicha imepanda, Marselina anakusalimu ingawa hamjuani.

Kazi naipenda. Taipu yangu ni nzito, herufi ya "k" inanata, lakini naimudu. Ninalokulalamikia ni Bwana Kapaya. Ile Jumamosi ya kwanza lori lilipofika nilijifunga kanga nikasimama kwenye mstari pamoja na wenzangu. Akapiga kelele mbele ya wote: "Mtoeni Mzaramo huyo hapo! Atatuangushia gunia, kisha atuchezee mdundiko juu yake. Mpeni kalamu aandike." Basi nikasimama kivulini naandika, wanawake wenzangu wanabeba. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikakataa, nikashika gunia kwa nguvu. Bibi, alikuja mbio akaninyang'anya, akalitia begani mwake mwenyewe, meneja mzima na shati lake jeupe, akalipeleka mpaka bandani akihema. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilitaka kulia kwa aibu.

Ananiona mzembe. Nikifika mwisho wa majaribio atasema huyu hata gunia hajawahi kubeba, na hapo ndipo kazi itakapoponyoka. Na tumbo ndiyo hivyo tena. Ninalifunga kwa kanga mbili, juu navaa gauni pana la mwaya la Marselina, nikikaa sana pumzi inanikata. Mezani najivuta ndani kabisa, Bibi Justa ananiambia nitameza taipu. Wiki mbili zilizopita mtoto alicheza mara ya kwanza nikiwa nachapa barua ya chanjo. Nilikosea neno nikafurahi.

Wewe mkubwa, niambie namna ya kumwonyesha mtu huyu kwamba mimi si mvivu.

Mboni


Maneromango, Kisarawe
20 Juni 1977

Mboni,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu kalamu ilikwisha wino, na duka la kijiji lilikuwa na chumvi tu.

Usimwonyeshe kitu. Mnyamwezi kubeba ni asili yake, mwache abebe. Wewe andika. Ukishika gunia tena nitakuja Kibaha kwa miguu.

Kanga moja inatosha, ilegeze. Mtoto si muhogo wa kufungia kwenye mtandio.

Yai hujanijibu. Umeniandikia mchicha, mvua, homa, hata jirani nisiyemjua, na yai umeliruka. Mimi nimesoma watu kabla sijasoma herufi.

Mwamvita


Maili Moja, Kibaha
13 Julai 1977

Bibi Mwamvita,

Shikamoo. Leo salaam ni hiyo moja, maana nimekasirika.

Juzi majaribio yangu yalikuwa yamebakiza siku moja. Usiku sikulala. Niliona siwezi kuthibitishwa kazini kwa mzaha, mtu anayesema kweli kwa kuchekesha anaweza kuitwa mwongo siku yoyote. Asubuhi nikafungua zile kanga zote, nikavaa gauni langu la kawaida, nikaingia kwa Bwana Kapaya na kufunga mlango. Nikasema, "Bwana Kapaya, leo si utani. Nina mimba ya miezi saba. Nilikuwa nayo siku ya usaili. Kama ni kunifukuza, nifukuze sasa hivi."

Aliweka kalamu chini, akanivutia kiti. Kisha akasema, bila mzaha hata kidogo, "Mama, nilijua kabla sijaiona sura yako." Akavuta mtoto wa meza akatoa karatasi ya daftari la kisomo, ile yenye mistari mitatu mitatu. Hata kabla sijaisoma niliujua mwandiko. Nimeinakili hapa ili usije ukakataa:

"Kapaya mtumwa wangu. Tarehe 26 atakuja kwako mjukuu wangu Mboni. Taipu anajua. Ana mzigo tumboni, wa kwanza, mwenyewe haruhusiwi kusema na mimi sijakwambia. Kazi mpe. Magunia asiguse. Ninyi ndio wapagazi tangu enzi, la kwake beba wewe. Ukikataa, siku ukifa nitakuja kulala juu ya jeneza lako, na hawatakuzika mpaka wanilipe. Mimi mtani wako Mwamvita, Maneromango."

Ndiyo shughuli ndogo ya Mwalimu Matano!

Akanieleza yote. Yai lile hakuniulizia kwa bahati. Alitaka niseme mwenyewe mbele ya mashahidi, ili siku makao makuu wakiuliza mbona karani alificha, ajibu kwamba hakuficha, alisema kwa mdomo wake na bwana wao wa Dar alikuwepo, kucheka kwake si kosa la karani. "Na fomu umejaza sawasawa," akasema, "mimba si ugonjwa na kazi haijakuzuia. Sasa nenda uchape barua ya kuthibitishwa kazini, niweke sahihi kabla ya chai." Nikaichapa mwenyewe, Bibi, machozi yakidondokea kwenye "k". Mwezi ujao naanza likizo ya uzazi, kisha narudi mezani kwangu.

Kazi nimepata, Mungu ashukuriwe. Lakini wewe! Uliniambia nifunge mdomo, ukanipita pembeni ukaufungua wako. Miezi mitatu najibana kwa kanga, najificha kwa mtu aliyekuwa anajua, naaibika kivulini na kalamu, na wewe umekaa Maneromango unacheka. Uliniandikia "mwache abebe" ukijua. Kwa nini hukuniambia? Ulinifanya mjinga, na hilo linaniuma kuliko magunia.

Na kwa taarifa yako, yai nililila. Siku ile ya usaili Bwana Kapaya aliniambia nile nithibitishe kwamba ninatania, nikala. Lote, na chumvi juu. Na tangu nianze kazi nakula kila Ijumaa.

Mboni


Maneromango, Kisarawe
30 Julai 1977

Mke mwenzangu,

Najua hujaniamkia kwa moyo, lakini marahaba.

Mayai umeshakula, basi tutakiona hicho kichwa. Kofia nimeanza kushona.

Barua nimeandika ni kweli, na sikatai mwandiko wangu, nimeuhangaikia miaka miwili. Niliandika karatasi tano ndipo nikapata moja isiyo na makosa. Nilimwambia Kapaya kwa sababu ni mtani, na mtani kumwambia si kutangaza. Hivyo ndivyo nilivyomwambia na mume wetu, akakubali. Lakini wewe umeuliza kwa nini sikukwambia, nami nimekaa na swali lako wiki nzima. Jibu lake sijawahi kulitoa kwa mtu.

Nilikwambia nimezaa watoto sita. Ni saba. Baba yako ni wa pili.

Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Tulikuwa tunafanya kazi shamba la mkonge, mimi na babu yako, wanawake tulikuwa tunabeba katani mbichi kutoka kwenye maji kwenda kuianika. Mbichi ni nzito, inavuta mabega mpaka shingo inaungua. Mwanamke akionekana ana mimba nyapara anamnyang'anya kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, na bila kipande hakuna posho. Mimi niliitaka posho ile. Nilitaka bati la kuezekea. Na nilikuwa nimefundwa kwamba mimba ya kwanza haitangazwi, basi vyote viwili vikaniambia nyamaza. Nikajifunga kaniki, nikaibana sana, nikabeba. Hakuna aliyejua, hata mama yangu. Nilijivunia, nikajiona hodari. Mwezi wa sita wa mimba nilianguka na mzigo pale pale kwenye kamba za kuanikia. Alikuwa wa kiume. Babu yako ndiye aliyemzika, nami nilirudi kazini baada ya siku nne, na nyapara hakujua kitu.

Ndiyo maana ulipotaja magunia sikulala. Nikataka kukwambia usinyamaze, mkono ukaandika unyamaze, maana mila ndizo nilizofundishwa na nyingine sina. Ningekukataza magunia tangu mwanzo ungeuliza sababu, na sababu sikuweza kuitamka. Kwa hiyo nikamwendea Mnyamwezi kwa mzaha, mzaha ndio ninaoujua. Ningekwambia anajua, ungeacha kuogopa, ungejiona una nguvu, ungeshika gunia ili usionekane unapendelewa. Nakujua. Si umelishika hata hivyo?

Uliposema unajifunga kanga mbili, nilitoka nje nikakaa chini. Nilikujibu maneno mawili ya utani nikaifunga barua, maana la tatu lingekuwa hili.

Nimekufanya mjinga, ni kweli, na sijutii. Ukitaka kunichukia nichukie, mke mwenzangu. Ila nichukie ukiwa umempakata.

Bibi yako,
Mwamvita